Fimbo Nilizozinunua Bila Kuzishika

Bodaboda alifika getini saa mbili usiku, mfuko wa gofu mgongoni kama askari na bunduki yake. Ndani mlikuwa na fimbo tisa. Nilikuwa nimeziona kwenye picha nne tu, moja ikiwa na giza, nikatuma laki tatu na nusu kwa simu na kuomba Mungu. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba ni mali safi, imetumika kidogo, kutoka Ulaya. Nilipozipanga ukutani sebuleni zilikuwa safi kweli. Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyepunja wenzake.

Jumamosi nikazipeleka uwanjani. Mimi si mchezaji wa kutaja. Nilianza gofu miaka mitatu iliyopita baada ya kutumwa na mhariri kuandika habari za mashindano ya hisani, nikaingia kwa dharau nikatoka nimenaswa. Anayenifundisha ni kedi, yaani mbeba mfuko, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye amebeba mifuko ya watu tangu alipoacha shule ya msingi. Nikamwamkia, nikampa fimbo namba saba aitazame, akanirudishia bila kusema neno. Mpira wa kwanza ukaenda kushoto. Wa pili kushoto. Wa tano ukaingia kwenye mikoko.

"Leta," akasema. Akaigeuza, akaweka kidole juu ya shingo ya fimbo, mahali penye nukta ndogo ya kijani. "Hii umeiona?"

Nilikuwa nimeiona. Nilidhani ni rangi ya kucha, labda mwenyewe wa zamani aliweka alama ili fimbo zake zisichanganyike na za rafiki yake.

"Hizi zilitengenezwa kwa mtu, mwanangu. Na mtu huyo si wewe."

Akaniambia nizilaze chini kama ninayetaka kupiga. Kisigino cha fimbo kiligusa ardhi, upande wa kidole ukabaki hewani, nafasi ya kupita shilingi mbili tatu. Fimbo ikilala hivyo, uso wake hautazami mbele tena, unatazama kushoto. Unaweza kupiga vizuri kama malaika na mpira bado utakwenda kushoto, kwa sababu chuma kimeshaamua. Nukta ya kijani maana yake ni kwamba fimbo imesimamishwa zaidi ya kawaida, kwa ajili ya mtu mrefu, au mtu ambaye mikono yake inaning'inia juu zaidi ya yangu. Mimi ni wa kimo cha kati na mikono mirefu. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Sema tu alikuwa wa mtu mwingine.

Niliporudi nyumbani nilifanya kile ambacho waandishi wa habari hufanya wanapopata hasara: nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni lini binadamu walianza kununua fimbo za gofu bila kuzishika. Nilidhani jibu ni intaneti. Kumbe mambo yalianza zamani zaidi.

Manunuzi ya kwanza ya fimbo za gofu ambayo karatasi yake ipo hadi leo ni ya tarehe 21 Septemba 1502. Katika hesabu za hazina ya Uskochi imeandikwa kwamba fundi wa pinde wa mji wa Perth amelipwa shilingi 14 kwa ajili ya fimbo za Mfalme James IV. Utamu wa habari hii uko kwenye kazi ya huyo fundi. Mwaka 1457 bunge la Uskochi lilikuwa limepiga marufuku gofu na mpira kwa sababu vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya kupiga mishale, na nchi ina adui kusini. Marufuku ikarudiwa 1471, ikarudiwa 1491, na hiyo ya mwisho ilitoka chini ya James IV mwenyewe. Miaka 11 baadaye mfalme huyohuyo anamlipa mtengeneza pinde amtengenezee kitu kilekile kinachoua biashara ya pinde. Mhasibu hakuandika kama mfalme alizijaribu kwanza. Nadhani mfalme hahitaji. Fimbo isipomfaa, tatizo ni la fundi.

Na kwa miaka mia nne hivi iliyofuata, hapo ndipo tatizo lilipokaa, kwa fundi. Mji wa St Andrews karne ya 19 ulikuwa na karakana hatua chache kutoka uwanjani. Hugh Philp alikuwa na yake, na alipofariki mwaka 1856 jamaa yake Robert Forgan akaiendeleza. Mteja alikuwa mtu anayejulikana. Fundi alimwona akipita na mfuko, alimjua kama ana hasira, kama anapiga kwa nguvu au kwa ujanja, kama mgongo unamsumbua. Mpini ulikuwa wa mti wa hikori kutoka Marekani, mti mgumu unaokubali kupinda bila kuvunjika, lakini mti ni mti. Hakuna vipande viwili vinavyofanana. Kimoja kinapinda chini, kingine katikati, cha tatu kinajinyonga kama nyoka ukikizungusha. Kwa hiyo mtu aliingia dukani akashika fimbo moja baada ya nyingine, akazitikisa hewani, akazirudisha, akaendelea mpaka mkono wake ukasema hii hapa. Ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, na hakuna aliyeona ajabu. Anayenunua ngoma huipiga kwanza.

Kwa wapenda vitabu, kuna fimbo moja ya zama hizo inayostahili kutajwa. Bobby Jones, mwanasheria wa Atlanta aliyekuwa mchezaji bora wa dunia bila kulipwa hata senti, alikuwa na fimbo ya kuanzia aliyoiita Jeannie Deans. Jina hilo ni la msichana katika riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1818, yule aliyekwenda kwa miguu kutoka Uskochi kuelekea London kumwombea dada yake msamaha wa kifo. Fimbo ilitengenezwa na Jack White, bingwa wa Open ya 1904. Huwezi kuipa jina hilo fimbo uliyoichagua kwenye picha. Unalipa kitu ambacho kimeshakuvumilia. Na fimbo yake ya kusukumia mpira shimoni, Calamity Jane, aliipata mwaka 1923 kwa kaka wa mwalimu wake. Alikuwa amekwama kabisa kwenye grini, akapewa fimbo hii aijaribu, mipira ikaanza kuzama. Akaondoka nayo, akashinda US Open yake ya kwanza wiki hiyo.

Sasa basi, ni nini kilichotokea? Chuma.

Mwaka 1910 mhandisi wa mji wa Schenectady, Arthur Knight, alipata hataza ya mpini uliotengenezwa kwa bomba la chuma. Wakubwa wa mchezo walikunja nyuso. Wamarekani waliruhusu mipini hiyo katikati ya miaka ya 1920. Waskochi wa St Andrews walikataa hadi 1929, na inasemwa kilichowalainisha ni kwamba mrithi wa kiti cha Uingereza alikuja uwanjani kwao akiwa na fimbo za chuma mfukoni, na nani angemwambia anavunja sheria? Mwaka 1931 Billy Burke akawa wa kwanza kushinda US Open kwa mipini ya chuma. Hikori ikaisha kama taa ya koroboi umeme ulipofika mtaani. Kuna waliolia, lakini hakuna aliyerudi.

Watu husema chuma kilishinda kwa sababu hakivunjiki na hakijinyongi. Ni kweli. Mimi naona lingine lililokuwa kubwa zaidi, nalo halikutokea uwanjani, lilitokea kwenye ghala. Bomba la chuma linafanana na bomba lenzake. Ukishaweza kutengeneza mipini elfu moja inayofanana, unaweza kuielezea kwa maneno. Na kitu kinachoelezeka kwa maneno kinaweza kuuzwa kwa mtu ambaye hajakishika.

Ndipo namba zikaingia. Robert Adams alibuni mizani ya kupimia jinsi uzito wa fimbo unavyosikika mkononi unapoizungusha, akaupa herufi na tarakimu, na hadi leo mchezaji wa Dar anaweza kukuambia fimbo zake ni D2 kama anavyotaja namba ya kiatu. Kile kilichokuwa hisia ya kiganja kikawa maandishi kwenye karatasi. Nakiri naipenda na kuichukia mizani hii kwa wakati mmoja. Imewaokoa maelfu na fimbo mbovu. Imetufundisha pia kuamini karatasi kuliko kiganja.

Majina nayo yakafa. Fimbo za hikori zilikuwa na majina, siyo namba: mashi, nibliki, kliki, brasi, kijiko. Ukisoma hadithi za gofu za P. G. Wodehouse leo unakutana nayo kila ukurasa, na unayaruka kama mtu anayeruka madimbwi. Kulikuwa na sababu ya kuyaacha. Jina linakwambia tabia ya kitu, lakini ghala halihitaji tabia. Ghala linahitaji 1 mpaka 9, na mnunuzi aliyeko mbali ajue kwamba kati ya 5 na 7 lazima pawepo 6 na yeye hana. Seti ilizaliwa hivyo. Wachezaji wakaanza kubeba fimbo zaidi ya 20, kila umbali na fimbo yake, mpaka Marekani ikaweka kikomo cha 14 mwaka 1938 na Waingereza wakafuata 1939. Nilipomweleza mzee wangu habari hii alicheka sana. Aliuliza kama makedi walishirikishwa kwenye kikao.

Na anayesimama katikati ya mgeuko huu ni Bobby Jones yuleyule wa Jeannie Deans. Mwaka 1930 alishinda mataji yote manne makubwa ya wakati ule kwa fimbo za hikori, akastaafu akiwa na miaka 28. Kisha akafanya filamu za mafunzo Hollywood, na akaingia mkataba na kampuni ya Spalding kutengeneza seti yenye jina lake. Mipini ya chuma, namba badala ya majina, kila fimbo ikilingana na mwenzake. Mtu wa mwisho kuitawala hikori ndiye aliyeweka sahihi yake kwenye chuma, ili mwalimu wa shule au muuza bima asiye na fundi karibu naye anunue imani ya Bobby Jones dukani. Silaumu. Wengi wao wasingepata kamwe fimbo ya kulingana bila yeye.

Kinachonichekesha ni kwamba fimbo nyingi za chuma za miaka hiyo zilivikwa ganda lenye rangi ya mbao. Mnunuzi alitaka faida ya chuma lakini jicho lake lilitaka mti. Nusu karne baadaye, Ely Callaway aliingia kwenye gofu kwa kununua kampuni ndogo iliyouza fimbo zenye mipini ya hikori, na ndani ya hiyo hikori kulikuwa na chuma. Yaani walianza na chuma kilichovaa mbao, wakaishia na mbao iliyomeza chuma. Picha haisemi kilichomo ndani, na haijawahi.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana kuhusu Jones na mimi naiamini, maana hata kama imekolezwa chumvi, imekolezwa na mtu anayejua kupika. Inasemekana baadaye wataalamu walizichukua fimbo zake za zamani, zile za hikori alizokusanya moja moja kwa miaka, wakazipima kwenye mizani. Zote zililingana karibu sawasawa, isipokuwa moja, mashi-nibliki. Walipomwambia, akajibu kwamba hiyo ndiyo iliyomsumbua siku zote. Kiganja chake kilikuwa kimefanya kazi ya mizani kabla ya mizani, kikakosea mara moja, na kilijua kwamba kimekosea.

Sasa nukta yangu ya kijani. Aliyeileta ni mtoto wa fundi viatu. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akapelekwa Seattle akiwa mdogo. Baba yake alishona viatu, na Karsten mwenyewe alifanya kazi hiyo baada ya kuacha chuo kwa kukosa ada. Baadaye akawa mhandisi General Electric. Alianza gofu akiwa na miaka 42 kwa sababu wenzake kazini walimwalika, akawa mbovu kwenye grini, na kama wahandisi wote akaamua kosa ni la kifaa. Mwaka 1959, kwenye gereji ya nyumba yake California, alitengeneza fimbo ya kusukumia iliyolia "ping" ikigusa mpira, akaipa kampuni jina hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaleta mfumo wa rangi. Unapima urefu wako, unapima kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka sakafuni, unatazama kwenye chati, unapata rangi. Nyeusi ni ya kawaida. Buluu, njano, kijani ni za kusimama zaidi. Nyekundu ni ya kulala.

Fikiria alichofanya huyu bwana. Chuma kilikuwa kimemwondoa mteja kwenye karakana na kumfanya awe "mchezaji wa kawaida", mtu ambaye hayupo. Solheim akamrudisha kwa tepu ya fundi cherehani. Wachongaji wa zamani walimpima mtu kwa macho na kwa miaka ya kumjua. Yeye alitaka vipimo viwili tu, vinavyoweza kuandikwa kwenye kadi na kutumwa. Mtoto wa fundi viatu alijua kwamba si lazima umjue mtu ili umpe kiatu kinachomtosha. Jua mguu wake tu.

Ila kiatu kikishatoka kwa mwenyewe, kinabaki na mguu wa mwenyewe. Na hapa ndipo historia hii inapotugusa sisi wa huku. Seti inapimwa kwa bwana mmoja wa Stockholm au Leeds, anaichezea miaka sita, anazeeka au anahama mchezo, anaiuza. Inapanda kontena, inashuka bandarini, inapigwa picha nne, inanikuta mimi. Nukta imebaki. Kila mmoja wetu uwanjani pale anacheza na mwili wa mtu mwingine. Nilianza kuchungulia mifuko ya wenzangu nikaona nukta za kila rangi, na mwenye nukta nyeupe, ambaye ndiye mfupi kuliko wote, amepinda goti kama anayevua dagaa. Hajui kwa nini. Anadhani ni mtindo wake.

Nilimuuliza mzee alianza na fimbo gani. Alisema namba tano. Moja tu. Mwanachama mmoja wa zamani aliivunja kwa hasira kwenye mti wa mwembe, akaitupa. Mzee, wakati ule kijana wa miaka 14, akaokota kichwa na kipande cha mpini, akakiongezea kwa bomba la baiskeli. Fimbo ikawa nzito kama shoka. Alipiga nayo mipira ya kuokota, jioni, klabu ikishafungwa, kwa miaka minne. Karibu na grini alikuwa anaufungua uso wake mpaka mpira unapanda kama umepigwa na namba tisa. Mbali, anaufunga. "Sikuijaribu," akasema. "Nilikuwa nayo tu."

Nikamwambia habari za Seve Ballesteros. Wakenya wanamkumbuka kwa kushinda Kenya Open ya 1978, mwaka mmoja kabla ya kuchukua Open ya Uingereza pale Lytham. Alizaliwa kijiji cha Pedreña, Hispania, kwenye familia ya wakulima, akawa kedi, na alijifunza gofu ufukweni kwa fimbo moja, namba tatu aliyopewa na kaka yake. Kabla ya hapo alikuwa na kichwa cha fimbo kilichopata kutu, akakichomekea vijiti. Dunia nzima baadaye ilistaajabia jinsi alivyoweza kuutoa mpira mahali popote. Mafundi hawakumpima. Yeye ndiye aliyeipima fimbo yake, kila siku, mpaka akajua kila inachoweza.

Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa kama anayesikia habari za jirani. Aliuliza kitu kimoja tu: kama Seve naye alikuwa anacheza usiku.

Sijaamua kama hadithi hizo mbili ni za kusifu au za kulalamikia. Kwa kila Seve wako wangapi walioshindwa na fimbo nzito wakaacha? Mzee mwenyewe hajawahi kucheza mashindano nje ya yale ya makedi. Ukimwona anapiga utauliza kwa nini, na jibu lina mambo mengi: ada, viatu, nani alikuwa mwanachama na nani alikuwa mgongo. Bomba la baiskeli ni moja tu kati ya hayo. Lakini limo.

Nilipeleka fimbo kwa fundi chuma Kariakoo nikauliza kama anaweza kuzilaza digrii mbili. Akaipiga moja kwa ukucha, akaisikiliza, akasema chuma hiki cha pua ni kikavu, akikilazimisha kinaweza kukatika shingoni, na yeye hana pesa ya kunilipa. Nilimheshimu kwa hilo. Kuna mtu Nairobi mwenye mashine ya kazi hiyo, na nauli yake na gharama zake ukizijumlisha zinakaribia bei niliyonunulia.

Kwa hiyo bado ninazo. Jumamosi iliyopita tulifika shimo la nne, lile lenye mikoko upande wa kushoto. Mzee akaenda mbele kusimama mahali ninapotakiwa kulenga. Mara zote husimama katikati ya njia. Safari hii alipita katikati, akaendelea kutembea kulia, akafika karibu na uzio, akageuka, akanyoosha mkono juu.

"Hapa!" akapaza sauti. "Lenga hapa!"